Noti Tisa za Tarehe Ishirini Mei

Kindu, tarehe 11 Machi 1986

Kwa Yaya Okito, Kampene

Yaya,

Baada ya salamu zinazomfaa kaka mkubwa, na baada ya mashauriano marefu kati yangu mimi na nafsi yangu, ninatangaza rasmi, mbele ya mashahidi na mbele ya kiti chenyewe, kwamba mto wa kukalia wa mpiga pembe ya kwanza wa okestra yetu, ule wa kitambaa cha kijani nilioushona kwa mikono yangu, umepata mwenyewe mpya bila kusogea hata sentimita moja. Hauko tena chini ya makalio yako, kwa kuwa makalio yako yako Kampene. Uko chini ya yangu. Tendo hilo limetimizwa Jumamosi iliyopita saa tisa na nusu, bila fujo na bila kumwaga damu.

Sasa sababu yake. Maestro Kalume amepokea barua kutoka ofisini: tarehe ishirini Mei, sikukuu ya Chama, okestra yetu itapiga mbele ya jukwaa, na mkubwa mmoja atatoka Bukavu kutusikiliza. Maestro amechagua uvertire, ule muziki wetu wa ufunguzi. Ndiyo, ileile. Ile yenye vipimo sitini vya muziki ambamo pembe zinanyamaza kabisa, halafu okestra nzima inanyamaza, halafu pembe moja, peke yake, kama mtu aliyesahauliwa sokoni, inapiga zile noti tisa.

Maestro akaangalia kiti chako kitupu, akasema: "Waziri, wewe njo utapiga."

Nikamwambia: "Maestro, mimi niko pembe ya pili."

"Na pembe ya kwanza iko wapi? Iko Kampene inahesabu majembe kwenye depo. Kaa pale."

Nikakaa pale, na mto nao chini yangu.

Yaya, hujasahau ile Novemba, ulipolala na malaria nikapewa noti nne tu za kwako. Nne! Kilichotoka kilikuwa kuku. Tangu siku ile watoto wa avenyu wakipita mbele ya cherehani yangu wanafanya ko-ko-ko. Juzi mzee mmoja ameniletea suruali akasema: "Shona vizuri, fundi, usishone vile unapigaka muziki." Na mimi, mkono ambao haujawahi kutetemeka juu ya kitambaa cha mtu, unatetemeka nikishika pembe mbele ya watu, mpaka vifungo vya shati vinagongana na shaba.

Lakini nimeamua. Nitapiga noti hizo tisa, safi, mara moja tu, mbele ya watu walewale walionisikia siku ya kuku. Nikishindwa, nitarudisha pembe kabatini na kubaki na cherehani mpaka kufa. Wewe sijawahi kukuona ukiogopa hata siku moja. Niambie unafanyaje.

Zawadi, mke wangu, anakusalimia. Anasema midomo yangu imevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki.

Mudogo wako,
Waziri

—

Kampene, tarehe 29 Machi 1986

Mudogo wangu Waziri,

Barua yako imenichekesha mpaka bosi akauliza kama nimekunywa. Nikamjibu bado, ni saa mbili tu ya asubuhi.

Kwanza: rudisha mto.

Pili: acha kujitesa, mutoto wa watu. Mimi nitakuja. Kamio ya Edouard, lile lori lake la mizigo, inateremka Kindu kila wiki mbili, nitapanda nayo, nitafika kabla ya tarehe ishirini, nitakaa, nitapiga, nitasimama, watu watapiga makofi, nitarudi kazini. Ni noti tisa, siyo tani tisa.

Unaniuliza nafanyaje. Sifanyi kitu. Hiyo njo siri yenyewe. Muntu anayefanya mazoezi sana anaiambia pembe kwamba anaiogopa, na pembe inasikia, kama mbwa. Mimi hapa sina pembe, nina majembe na misumari, lakini uvertire nzima iko ndani ya kichwa, tangu noti ya kwanza mpaka ya mwisho, na hakuna mchwa wa kuila humo kama wanavyokula karatasi zetu. Nikitembea kwenda depo nazipiga zote tisa kwa midomo mitupu. Wachimbaji wa madini wananipisha njia. Wanadhani ni kamio.

Kama bado unatetemeka, kuna dawa. Glasi moja ya lotoko, ile pombe kali ya mahindi, nusu saa kabla. Ninajua utaniambia mambo ya dini yako, basi mpe Maestro ainywe kwa niaba yako. Dawa ya pili: chagua mama mumoja kati ya watu, mnene, mwenye kilemba kikubwa, umpigie yeye tu. Mimi nachaguaka mama wa namna hiyo kila mara. Mmoja nimemuoa.

Ninyi huko Kindu hamna mtu mwingine wa kupiga hizo noti, tuseme ukweli kati ya ndugu. Nisalimie Hélène na klarineti yake.

Yaya wako,
Okito, Pembe ya Kwanza

—

Kindu, tarehe 14 Aprili 1986

Yaya Okito,

Nimefurahi kusikia utakuja. Nimefurahi sana. Ila ninakuonea huruma kwa ajili ya njia. Watu waliotoka Pangi wanasema mvua imekata barabara mahali patatu, na kwamba kamio ya Edouard sasa inasukumwa kuliko inavyoendeshwa. Na hata ukifika Alunguli, utavuka mto na kivuko ambacho kiko na afya ileile uliyoiacha. Tena una kazi. Bosi akikasirika? Mimi nasema, usijisumbue. Fikiria afya yako.

Huku tunaendelea. Ninafanya mazoezi nyuma ya tanuru la matofali, ambako hakuna watu, kuna mbuzi sita. Wiki ya kwanza walikimbia. Wiki ya pili walibaki lakini waliacha kula. Sasa wanakula huku ninapiga, na mimi nimelichukua hilo kuwa maendeleo. Jumapili niliwaita watengeneza matofali watatu, nikawaomba wasimame mbele yangu wanitazame vibaya. Walijua kazi hiyo bila kufundishwa. Nilitetemeka, lakini noti tano zilitoka.

Jambo lingine ni hili. Ramadhani inaanza tarehe kumi Mei. Maana yake tarehe ishirini, saa ine ya asubuhi, kwenye jua, nitakuwa nimefunga. Pembe inataka midomo yenye unyevu, na mfungo unataka midomo isiguse maji. Nilikwenda kwa imamu wetu, Mwalimu Sumaili, nikamuuliza maswali mawili: kulamba midomo, na yale maji yanayojikusanya ndani ya pembe. Akafikiri siku mbili. Kisha akaniita: "Kulamba midomo siyo kula. Na yale maji ni pumzi yako wewe mwenyewe. Yamwage chini, usiyanywe, na usimmwagie mtu." Akaniuliza kama ni mimi yule wa kuku. Nikasema njo mimi. Akasema ataniombea.

Basi tangu leo ninafanya mazoezi saa ine kamili, bila tone la maji tangu alfajiri, ili midomo ijue mapema kinachoisubiri. Hélène aliniona jana. Unamjua, hana subira na mtu: "Waziri, unashika ile pembe kama unaiiba. Pumua!" Nimeanza kupumua.

Usijisumbue na safari, Yaya.

Waziri

—

Kampene, tarehe 26 Aprili 1986

Mudogo wangu,

Nimesoma barua yako kwa mke wangu, naye akasema: huyu Waziri anakupenda kuliko ndugu zako wa damu. Unaogopa barabara kwa ajili yangu, unaogopa bosi kwa ajili yangu, unaniogopea hata kivuko! Imenigusa. Kwa sababu hiyo hakuna kitu kitakachonizuia. Nimemwambia bosi nyanya yangu amefariki. Ni wa tatu kufariki, lakini bosi hajui hesabu.

Mambo ya kufunga, hiyo ni sababu nyingine ya kuniachia mimi. Wewe funga salama, mimi nitapiga.

Utakalofanya ni lilelile la siku zote. Kaa kushoto kwangu, goti lako liguse goti langu, hesabu vipimo vyako kimyakimya kama unavyohesabuka, na ikifika sitini na kimoja unigonge. Basi. Wewe hesabu, mimi nipige. Kila mutu na kazi yake, na ndiyo maana tumekaa miaka sita bila kugombana.

Yaya wako,
Okito

—

Kindu, tarehe 2 Mei 1986

Citoyen Okito,

Nimesikia unakuja. Mazoezi ya mwisho ni Jumamosi tarehe 17, saa tisa. Anayefika kwenye mazoezi anapiga. Asiyefika anaweza kutazama, jukwaani kuna nafasi upande wa jua.

Kalume, kiongozi wa okestra

—

Kampene, tarehe 9 Mei 1986

Waziri,

Umeona alichoniandikia Kalume? Mimi! Upande wa jua! Mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe mahali ambapo pembe inaingia, kwa sababu yeye kwenye vipimo vile anapotea na kijiti chake hewani!

Kamio inaondoka hapa tarehe 17. Kwa hiyo mazoezi sitayaona, na sitayalilia. Mazoezi ni ya watu wasiojua. Nitafika siku yenyewe asubuhi, nitakaa kwenye kiti changu, na mbele ya mkubwa wa Bukavu hakuna Kalume atakayeniambia simama. Atanyamaza na kutabasamu. Ninamjua.

Wewe andaa goti tu.

Okito

—

Kindu, tarehe 15 Mei 1986

Yaya Okito,

Barua hii nimempa dereva anayepanda leo kupitia Kalima, naye ameapa itakufikia kabla hujaondoka.

Nilikudanganya kuhusu barabara. Siyo kwamba ni nzuri, ni mbaya kweli. Lakini sikukuandikia kwa kukuhurumia. Niliandika kwa sababu sitaki uje. Nilipaswa kusema hivyo tangu Aprili, nikaona haya, nikajificha nyuma ya mvua na kivuko. Niwie radhi kwa hilo. Kwa haya yanayofuata siombi radhi.

Ninataka kupiga zile noti mimi. Siyo kwa kuwa nakushinda. Sauti yako ni kubwa kuliko yangu, nayo ni nzuri, hata mbuzi wangeikubali. Lakini mimi nimesimama nyuma ya tanuru siku hamsini na nne, na kwa siku tano sasa nimefunga kweli, midomo imepasuka mara mbili, na jana nilipiga noti zote tisa mara saba mfululizo. Mara ya nane alitoka kuku. Nilimtazama kuku huyo usoni, nikapiga tena.

Bado natetemeka. Nimegundua kwamba natetemeka kuanzia kipimo cha hamsini, na kwamba kutetemeka hakuzuii kuhesabu. Ni kama kushona ndani ya treni. Unakubali kwamba inatikisika, unapitisha sindano wakati wake.

Ukija, kiti chako nitakupisha, kwa sababu wewe ni mukubwa wangu na watu watakuwa wanatazama. Lakini ujue jambo moja kabla hujapanda kamio: siku hiyo goti langu halitakugonga. Sitamhesabia mtu mwingine. Nitahesabu kwa ajili yangu, na ikifika sitini na kimoja, nitapiga.

Nimekwambia mapema ili isiwe mtego.

Mudogo wako, kwa heshima,
Waziri

—

Kampene, tarehe 29 Mei 1986

Waziri,

Nimefika juzi. Sitaki kuzungumza habari za Jumanne ile.

Nitazungumza kidogo. Nilipofika, vumbi mpaka kwenye kope, wewe ulisimama ukanipisha, ukanipa pembe yangu iliyokuwa kabatini. Nikadhani mambo yako sawa. Kalume alitabasamu kama nilivyosema. Uvertire ikaanza. Mimi nikamtafuta mama wangu mwenye kilemba, nikampata, nikaweka goti langu kwenye lako, nikangoja.

Nikangoja. Goti lako lilikuwa kama mguu wa meza. Nikawaza: amelala? Amekufa? Mfungo umemuua? Nikakutazama, macho yako yalikuwa mbele na jasho linakutiririka shingoni. Nikajaribu kuhesabu, lakini kuhesabu kuanzia wapi? Hélène akavuta pumzi ndefu katikati ya wimbo wake, mimi nikasikia kimya, nikasema njo hapa. Nikaingia.

Zilitoka zote tisa, Waziri. Hakuna atakayesema hazikutoka. Zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani. Ila zilitoka, nilivyoambiwa baadaye, kwenye kipimo cha arobaini na mbili, juu ya kichwa cha Hélène, ambaye alinitazama kwa jicho ambalo bado liko na mimi hapa Kampene.

Halafu wewe. Kwenye sitini na kimoja, okestra yote kimya, na mimi pembe iko mapajani. Noti tisa. Nilikuwa karibu nawe kuliko mtu yeyote, niliona karatasi yako ikitetemeka kwenye stendi. Lakini sauti haikutetemeka. Kama walikuwepo watu wa ko-ko-ko, sikuwasikia.

Unajua walivyosema watu wakati wa kushuka? Kwamba ilipangwa: pembe moja inaita, nyingine inaitikia toka mbali. Mkubwa wa Bukavu mwenyewe alimpongeza Kalume kwa wazo hilo. Kalume akashukuru, yule mnafiki. Mimi nami nikapokea mikono ya watu. Nilipokea mikono kumi na moja, kisha nikaenda kulala kwa shemeji yangu na sikula.

Niliporudi hapa, barua yako ilikuwa mezani. Ilifika siku moja baada ya mimi kuondoka, kwa hiyo dereva wako hakusema uongo sana. Nimeisoma mara nyingi. Nilitaka kukasirika na sikupata mahali pa kuanzia.

Sasa nikuandikie jambo ambalo halijui mtu, hata mke wangu. Sijui kuhesabu vipimo. Sijawahi kujua. Nikifika kumi na tano, kumi na sita, kichwa kinaanza kuimba na hesabu inamwagika. Miaka sita watu wamesema Okito haogopi. Nitaogopa nini? Kuogopa ulikuwa unaogopa wewe, kwa ajili yetu wawili.

Nilijifunza pembe kwa masikio, na nilipopata jina nikaona haya kumuuliza mtu mambo ya watoto. Sasa ninakuuliza wewe. Nitaomba likizo ya kweli, bila kuua nyanya. Unifundishe.

Okito

—

Kindu, tarehe 16 Juni 1986

Yaya,

Asante kwa barua yako. Tulimaliza Ramadhani salama, na siku ya Idi Mwalimu Sumaili alinishika mkono mbele ya safu nzima akasema: "Nilisikia." Neno moja tu. Zawadi ameliandika kwenye ukuta wa jikoni.

Kwa hiyo nikueleze na mimi upande wangu. Noti nane zilitoka safi. Ya tisa ilitoka safi vilevile, lakini hiyo niliipiga macho yamefumba. Watoto wa avenyu bado wanapita. Siku ya Ijumaa mmoja alianza ko, kisha mwenzake akamwambia: "Acha, huyu alipiga." Wakaondoka. Nilikanyaga pedali ya cherehani mpaka uzi ukaisha, bila kitambaa.

Kuhesabu siyo kazi ngumu, Yaya. Usihesabu kwa kichwa, kichwa chako kina muziki mwingi, hakina nafasi. Hesabu kwa kidole gumba cha mguu, ndani ya kiatu. Mguu wa kulia unakanyaga kila kipimo kinapoanza. Ikifika kumi, unakanyaga mara moja kwa mguu wa kushoto, na wa kulia unaanza upya. Kwenye sitini na kimoja, kushoto imekanyaga mara sita, kulia mara moja. Vaa viatu vipana. Anza leo, ukienda depo, uwapishe na wachimbaji kidogo. Ukija nitakaa kulia kwako au kushoto, popote, na kila mtu atahesabu vyake, na anayetetemeka atatetemeka. Hatuachi.

Nina habari moja ya kumalizia, na ni vizuri uisikie kwangu. Yule mkubwa alivutiwa sana na uvertire mpaka alipofika Bukavu alimzungumzia padri mmoja mpenda muziki, naye padri akamtumia Maestro kitabu kizima cha uvertire hiyo, kilichochapwa, hakuna ukurasa uliopungua. Maestro alituita juzi Jumamosi. Alikuwa amekaa na hakutuamuru kutoa vyombo.

Ukurasa wetu, kumbe, ulikuwa umeliwa na mchwa kona ya juu kabla hata haujatufikia, pale panapoandikwa jina la chombo, na mwaka 1980 Maestro alikisia. Zile noti tisa siyo za pembe. Ni za klarineti. Hélène aliweka chini karanga alizokuwa anakula, akazipiga noti zile kwa kusoma mara ya kwanza, kisha akaendelea kula.

Waziri